Ufunguo, Barakoa na Kamera: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Makanisa ya Zamani

Makanisa ya Kenya yaliyofungwa kwa sababu ya korona yalipoanza kufunguliwa tena mwezi Julai 2020, barua nyingi zilizotufikia zilikuwa za watu waliotaka kuyatembelea na kuyapiga picha makanisa ya kale ya vijijini. Ulikuwa wakati mzuri, maana siku za kazi majengo yalikuwa matupu na yametulia. Lakini kanisa lililokaa miezi bila kufagiliwa wala kufunguliwa madirisha huvuja, huliwa na mchwa na kuingiwa na popo pasipo mtu kujua. Ndiyo maana katika majibu yote tunasisitiza jambo moja: picha zipigwe kwa namna ambayo fundi na baraza la kanisa wataweza kuzitumia.

Shikamooni wahariri. Mimi na mwenzangu tunataka kwenda Rabai, kisha Frere Town. Makanisa yako wazi siku hizi? Tumwone nani kwanza?
*Msomaji, Mtwapa*

Marahaba. Yako wazi, ila mwaka 2020 hayakuwa kama zamani. Ibada ziliporuhusiwa kuanzia tarehe 14 Julai, sharti lilikuwa watu 100 kwa ibada moja, muda wa saa moja, na umri kati ya miaka 13 na 58. Baadaye masharti yalilegezwa, lakini mwaka huo nafasi kanisani zilibaki za kuhesabu. Mgeni mwenye kamera aliyeingia Jumapili angeweza kuchukua kiti cha mama aliyeomba kwa simu apate nafasi ya kuabudu. Jumapili msiende. Jumamosi nayo ina arusi, mazishi na usafi. Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi, na saa nzuri ni kuanzia saa mbili asubuhi.

Rabai ina milango miwili na wenyewe wawili, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni hiyo mwaka 1846. Jengo la kanisa la mwanzo sasa liko chini ya Makumbusho ya Taifa. Huko kuna kiingilio, na anayepiga picha za biashara huhitaji kibali chao. Kanisa la St Paul's lililo jirani, la mwaka 1887, ni la Waanglikana, na ruhusa yake hutoka kwa kasisi wa parokia. Tiketi ya makumbusho haikupi haki ya kuingiza kamera kanisani, wala ruhusa ya kasisi haikufungulii makumbusho. Pigeni simu pande zote mbili siku tatu kabla.

Mkipiga simu, semeni mambo manne bila kuzunguka: mko wangapi, mtakaa muda gani, mna tripodi (stendi ya kamera ya miguu mitatu) au hamna, na picha zinakwenda wapi. Kisha ulizeni ni nani anayeshika ufunguo. Mara nyingi ni mzee au mama mtu mzima, yaani mtu yuleyule ambaye korona humtishia zaidi. Mwombeni afungue mlango na madirisha nusu saa kabla hamjafika, kisha akae nje kivulini. Mwaka 2020 tuliwaambia wageni wavae barakoa hata wakiwa ndani peke yao, waandike majina kwenye daftari la wageni kwa kalamu yao, na sadaka waitie kwenye sanduku. Tuliwaambia pia wasimshike mzee mkono. Ilitosha kuamkia wakiwa hatua mbili mbali naye.

Frere Town, Mombasa, iliasisiwa na misheni ya Kianglikana ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na kengele yake ndiyo iliyopatia Kengeleni jina lake. Kengele iko kando ya barabara kuu yenye magari mengi. Msisimike tripodi ukingoni mwa lami. Vukeni ng'ambo, mtumie lenzi ya milimita 70 hadi 100, na mpige asubuhi mapema kabla matatu hazijaziba njia. Mwaka 2020 ilibidi kurudi nyumbani mapema pia: tangu tarehe 4 Novemba kafyu ilianza saa nne usiku.

Kila nikipiga picha ndani ya kanisa letu la zamani, madirisha yanakuwa meupe pe! Nikirekebisha madirisha, kuta zinakuwa nyeusi kama usiku. Nina kamera ya kawaida ya lenzi za kubadilisha, lakini mara nyingi natumia simu. Nifanyeje?
*Msomaji, Kaloleni*

Kamera yako haina kasoro. Makanisa ya kale ya pwani yana kuta nene na madirisha membamba, na nje kuna jua la ikweta. Tofauti ya mwanga kati ya anga dirishani na boriti za paa ni kubwa kuliko kile ambacho picha moja inaweza kubeba. Jicho lako linahimili kwa sababu hujirekebisha kila unapoligeuza. Kamera haina nafasi hiyo, basi inabidi uipe picha kadhaa na kuziunganisha baadaye.

Kwanza zima taa zote. Taa za mirija hutia ukijani, balbu hutia umanjano, na mwanga wa dirishani una ubuluu. Vikichanganyika, ukuta wa chokaa hupata mabaka ya rangi tatu ambayo ni vigumu kuyaondoa kwa kompyuta. Fungua milango yote miwili ili mwanga wa nje uingie chini chini.

Simika tripodi katikati ya njia, kimo cha kifua. Weka kamera kwenye hali ya mkono (M), unyeti wa mwanga ISO 100, tundu la lenzi f/8. Mizani ya rangi nayo ifunge kwenye jua au kivuli, usiiache ijichagulie, maana itabadilika kati ya picha na picha. Sasa piga picha tano bila kugusa kitu kingine isipokuwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga: 1/60 ya sekunde, 1/15, 1/4, sekunde 1, na sekunde 4. Ya kwanza itashika madirisha, ya mwisho itashika paa. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Kama hata kwenye 1/60 dirisha bado limeungua, ongeza moja ya 1/250. Programu nyingi za picha, hata za bure, huziunganisha. Usivute kitelezi mpaka mwisho. Ukuta wa chokaa ukianza kuonekana kama sufuria iliyosuguliwa, umepitiliza.

Ukali wa picha usiuache kwa kamera, kwa sababu gizani hutafuta na kukosa. Ukiwa na lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa (sensa ni kipande kinachopokea mwanga), weka umakini wa lenzi (fokasi) kwa mkono kwenye umbali wa mita 2.5. Kwa f/8, kila kitu kuanzia kama mita 1.3 hadi madhabahuni kitakuwa kikali. Kwa kamera ya sensa ndogo yenye lenzi ya milimita 16, mita 1.6 zinatosha. Lenga mgongo wa benchi lililo umbali huo kisha usiguse tena pete ya lenzi.

Kuta kuinamiana juu husababishwa na kuinua pua ya kamera ili paa liingie. Acha kamera iwe sawasawa kabisa, tumia kipimo chake cha usawa, kisha rudi nyuma hadi mlangoni. Paa likikataa bado, geuza kamera wima. Ukikusudia kunyoosha baadaye kwa kompyuta, acha nafasi tupu pande zote, kama sehemu moja ya kumi ya picha, kwa sababu kunyoosha hukata pembeni.

Kwa simu, epuka ile lenzi pana kupita kiasi. Huvuta kingo, na nguzo za pembeni huonekana nene kuliko za katikati. Tumia lenzi ya kawaida, washa mistari ya gridi, egemeza simu kwenye mgongo wa benchi, bonyeza kwa muda mrefu sehemu ya ukuta yenye mwanga wa wastani hadi simu ifunge mwanga, kisha tumia kipima muda cha sekunde 3. Simu nyingi za sasa huunganisha picha zenyewe ukizituliza; ukizishika mkononi gizani hutoa ukungu.

Saa ya kupiga picha nje nayo huamua mengi. Makanisa mengi ya Kianglikana yalijengwa madhabahu ikiwa mashariki, hivyo uso wa mbele hutazama magharibi na hupata jua kuanzia saa tisa alasiri. Lakini si yote, kwa hiyo pima kwa dira ya simu. Pwani yetu iko kusini kidogo ya ikweta: mwezi Desemba jua hupita upande wa kusini, ukuta wa kusini ukapata mwanga siku nzima na wa kaskazini ukabaki kivulini. Mwezi Juni ni kinyume. Anayetaka kuta zote nne zipate jua inabidi aende mara mbili kwa mwaka. Saa sita mchana jua liko karibu na utosi, nalo hufaa kwa kitu kimoja tu: kuonyesha mashimo na nyufa za lipu, kwa sababu mwanga huuteremkia ukuta kutoka juu na kila kovu hutoa kivuli.

Nataka kupiga picha kanisa la zamani la Bagamoyo na St John's ya Mbweni, Zanzibar. Kwa vile huku Tanzania makanisa hayakufungwa wakati wa korona, je, nahitaji tahadhari yoyote? Na lenzi yangu imeanza kuota utandu kama wa buibui ndani.
*Msomaji, Dar es Salaam*

Ni kweli ibada hazikusimamishwa, na mwaka 2020 hiyo ndiyo ilikuwa sababu ya kuwa makini zaidi. Aliyeenda saa ya misa alikuta watu wamekaa karibu karibu. Uliza ratiba, uende siku za kazi, kati ya misa moja na nyingine.

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kanisa la zamani lilijengwa 1872. Mnara wake ndio unaoitwa Mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone uliletwa humo Februari 1874 na msafara wa watumishi wake Chuma na Susi kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Kanisa kubwa zaidi lililo jirani lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Wageni wengi hupiga mnara peke yake na kuondoka. Tungependa upige pia sehemu ambapo mnara unakutana na jengo, kwa sababu katika majengo ya namna hiyo ufa huanzia kwenye maungio ya sehemu mbili zenye uzito tofauti. Mbweni nako, kanisa la mwaka 1882 la misheni ya Kianglikana ya UMCA, usiishie kwenye uso wa mbele. Zunguka hadi makaburini.

Utandu ndani ya lenzi ni kuvu. Huota hewa inapokuwa na unyevu mwingi kwa muda mrefu, kamera ikikaa kabatini gizani ndani ya mfuko wa ngozi, na mwaka 2020 kamera nyingi zilikaa kabatini kuliko kawaida. Kuvu wakiachwa hula utando wa kioo na kuacha alama za kudumu. Uliyonayo mpelekee fundi, na usiihifadhi pamoja na lenzi nyingine. Zilizobaki zitie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika jeli za kunyonya unyevu na kipima unyevu kidogo. Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 50. Silika jeli ya rangi ikigeuka, ikaushe kwa moto mdogo kwenye oveni, kisha irudishe.

Ukifika kwa gari lenye kiyoyozi, usiitoe kamera papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa dakika 30 ipate joto la nje, la sivyo mvuke utaganda kwenye kioo na mwingine kupenya ndani. Na kitakasa mikono kikauke kabisa kabla ya kushika kamera: kileo kikigusa utando wa skrini au mpira wa mshikio kila siku, huvichakaza.

Mimi ni katibu wa kanisa dogo la mawe ya matumbawe. Tangu Julai tunapuliza maji ya klorini kuta na mabenchi kila Jumamosi. Sasa rangi inabanduka, ukutani kuna ungaunga mweupe, na mabenchi ya zamani yamepata mabaka. Vijana wanataka kulipiga picha kanisa. Picha zitasaidia nini?
*Katibu, Kaunti ya Kilifi*

Ndugu katibu, acheni kupuliza leo hii. Tunajua mlifanya kwa nia njema, na makanisa mengi yamefanya vivyo hivyo.

Maji ya klorini yakishafanya kazi yake huacha chumvi. Matumbawe na chokaa ni vitu vyenye vinyweleo; hunywa yale maji, kisha ukuta unapokauka chumvi husogea kuja juu na kuganda chini ya rangi. Ikiganda hutanuka, ikasukuma rangi na lipu nje. Huo unga mweupe ndio chumvi yenyewe. Kuta za pwani tayari zina chumvi ya bahari, nanyi mmeongeza nyingine. Klorini pia hufubaza shaba na fedha, kwa hiyo angalieni kinara na kikombe.

Kuhusu mabenchi, tunadhani mtu alipangusa pia kwa kitakasa mikono. Mabenchi mengi ya kale yamepakwa vanishi ya lak (shellac), ambayo huyeyuka kwenye kileo. Mabaka meupe na mahali panaponata ni dalili yake. Msipake vanishi mpya juu. Mwiteni seremala anayejua kazi ya lak.

Mnachohitaji ni muda, virusi vife vyenyewe. Kanisa linalotumika Jumapili pekee hupumzika siku 6 mlango ukiwa umefungwa. Kanisa la Uingereza liliwashauri waumini wake mwaka 2020 kuliacha jengo saa 72 badala ya kulipaka dawa. Palipo na ibada katikati ya juma, pangusa vitasa, swichi na migongo ya mabenchi tu: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita 1 ya maji ya uvuguvugu, kitambaa kikamuliwe hadi kisidondoke, kisha kitambaa kikavu kifuate hapo hapo. Unga wa ukutani uondoeni kwa brashi laini kavu, mkiukinga kwa karatasi chini. Msiuoshe. Maji hurudisha chumvi ndani na wiki mbili baadaye itatoka tena.

Angalieni pia kama kuna mahali palipozibwa kwa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu ukizibwa hapo hutafuta njia pembeni, ndiyo maana mara nyingi lipu huanguka kando ya kiraka na si kwenye kiraka chenyewe. Gongeni taratibu kwa kifundo cha kidole: panaposikika utupu, lipu imeachana na ukuta. Mafundi wa chokaa bado wapo, hasa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Sasa picha. Vijana wapeni kazi hii. Nje: pande nne na pembe nne, jengo zima ndani ya kila picha, kuanzia msingi hadi kilele. Ndani: kutoka mlangoni kutazama madhabahu, kutoka madhabahuni kutazama mlango, kutoka kila pembe, kisha paa na sakafu. Halafu kila dirisha, kila mlango, birika la ubatizo, mimbari, kila kibao cha kumbukumbu. Mwisho ni majeraha: kila ufa, kila doa la maji, kila njia ya mchwa. Kila jeraha lipigwe mara mbili, mara ya kwanza kwa mbali ili ijulikane liko ukuta gani, mara ya pili kwa karibu likiwa na rula ya sentimita 30 kando yake. Rula isimamishwe, isigundishwe kwa gundi wala tepu.

Njia ya mchwa ni mstari wa udongo mwembamba kama penseli unaopanda ukutani hadi kwenye boriti. Vunjeni sentimita 2 katikati, mpige picha, mrudi baada ya siku tatu. Mkikuta wameziba, mchwa wapo hai na fundi wa dawa aitwe.

Rudieni picha zilezile kutoka mahali palepale baada ya masika, mwezi Juni, na baada ya vuli, mwezi Januari. Mahali pa kusimama paandikwe kwa vipimo, kwa mfano mita 3 kutoka kizingitini, na lenzi ileile itajwe. Ufa ulio milimita 2 Juni na milimita 4 Januari utawashawishi wafadhili kuliko barua ya kurasa tatu.

Majina ya faili yaanze na tarehe, mwaka mbele: 2020-11-18, kisha ukuta, kisha namba. Nakala moja ikae kwenye flashi diski ya kanisa, nyingine kwa mtu anayeishi nyumba tofauti. Mkituma kwa WhatsApp, zitumeni kama hati, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa, na ule ufa wa milimita 2 hautaonekana tena.

Naishi Norwich tangu 2016. Kila kijiji huku Norfolk kina kanisa la mawe la mamia ya miaka, na mengine yana minara ya duara. Nilianza kuyatembelea kiangazi, sasa, Novemba 2020, tumefungiwa tena. Nifanye nini?
*Msomaji, Norwich, Uingereza*

Wakati ule ilibidi kusubiri. Marufuku ya kutoka iliyoanza tarehe 5 Novemba 2020 ilipangwa kwisha 2 Desemba. Makanisa yaliweza kufunguliwa kwa sala ya mtu binafsi, lakini kupiga picha si sala. Aliyetoka kwa mazoezi karibu na nyumbani aliweza kupiga nje.

Hata yalipokuwa wazi, barakoa ndani ya makanisa ya England ilikuwa lazima kuanzia 8 Agosti 2020. Makanisa mengi yalifunga sehemu kwa kamba na kuondoa vitabu. Ukikuta kamba, usiivuke hata kama hakuna mtu. Zamani mgeni alikuta karatasi mlangoni inayosema ufunguo uko kwa nani kijijini, akaenda kugonga. Mwaka 2020 haikufaa kugonga. Tafuta namba ya simu kwenye ubao wa matangazo, upige kwanza. Kanisa lililokutwa limefungwa mwaka ule huenda lilikuwa katika zile saa 72 za kupumzishwa, si kwamba walimnyima mgeni.

Norfolk ina makanisa zaidi ya 650 ya zama za kati, na zaidi ya 120 yana minara ya duara. Jiwe la huko ni gumegume, na gumegume halichongeki kwa urahisi kuwa tofali la pembeni, hivyo inasemekana mnara wa duara uliwaepushia wajenzi gharama ya kuleta mawe ya pembe kutoka mbali. Gumegume lililopasuliwa hung'aa kama kioo. Jua likilipiga uso kwa uso picha hujaa madoa meupe, basi piga siku ya mawingu, au jua likiwa ubavuni.

Mwanga wako ni tofauti kabisa na wetu wa pwani. Mwishoni mwa Novemba jua la Norwich halipandi juu hata saa sita mchana, na huzama kabla ya saa kumi alasiri. Lakini jua hilo la chini huingia moja kwa moja kwenye madirisha ya kusini na kuangukia ukuta wa kaskazini ndani. Katika makanisa mengi ya zama za kati mabaki ya michoro ya ukutani yapo juu ya ukuta huo. Fika kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana. Flashi ya kamera usitumie kwenye michoro. Hufuta vivuli vidogo vinavyoonyesha mikwaruzo ya brashi, na wenyeji wengi hawaitaki.

Ukipata nafasi nenda Ranworth, kwenye kanisa la St Helen. Kiambaza chake cha mbao chenye watakatifu waliochorwa katika karne ya 15 ni cha kutazamwa kwa dakika nyingi. Piga kila paneli kwa kamera iliyosimama sambamba nayo, kimo kilekile, lenzi ya milimita 50 au zaidi.

Popo wamejaa darini mwa kanisa letu na watu wanasema ndio walioleta korona. Tuwafukuze kabla ya wapiga picha kuja?
*Msomaji, Muheza*

Hapana. Msiwafukize kwa moshi wala msiwaue. Hatari iliyo karibu zaidi ni kinyesi chao kikavu, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba kuvu wanaoumiza mapafu. Msikifagie kikavu. Nyunyizeni maji kwanza, vaeni barakoa na glavu, mkizoe kwa koleo na kukifukia. Mpiga picha asisimame chini ya kundi, na asiwamulike. Kuziba matundu kufanyike baada ya magharibi, popo wakishatoka, na kusifanyike wakati wana watoto, maana watoto wangenaswa ndani wakafa.

Maandishi kwenye makaburi ya misheni yamefifia. Nimesikia watu hupaka chaki au unga ili yasomeke.
*Msomaji, Voi*

Usipake kitu. Chaki na unga huingia kwenye vinyweleo, unga huvuta wadudu na ukungu, na brashi ya waya hung'oa hata herufi zilizobaki. Unachohitaji ni mwanga wa ubavuni. Nenda saa moja asubuhi, jua likiwa linakwaruza uso wa jiwe. Kama jiwe liko kivulini, mwenzako ashike tochi kali kando ya jiwe, karibu kabisa na uso wake, huku mwingine akilikinga kwa mwavuli mweusi. Piga picha nne, tochi ikiwa kushoto, kulia, juu na chini. Herufi isiyoonekana kwenye moja mara nyingi hujitokeza kwenye nyingine. Majani yang'oe kwa mkono yale tu yanayofunika maandishi, na mizizi iliyoingia ndani ya ufa iache, kwa kuwa ukiivuta jiwe hutoka nayo.

Je, naweza kurusha droni juu ya kanisa? Na nikiruhusiwa ndani, naweza kupiga vitabu vya ubatizo?
*Msomaji, Nyeri*

Droni hapana, mpaka uwe umesajiliwa na kupewa kibali na mamlaka ya usafiri wa anga ya KCAA. Idhini ya kasisi haitoshi. Kwa paa, panda kilima cha jirani au tumia mti mrefu wa kushikia simu.

Vitabu vya ubatizo vina majina ya watu, wazazi wao na wakati mwingine hali ya kuzaliwa kwao, na wengine bado wako hai. Sheria ya kulinda data ya 2019 inawahusu. Pata ruhusa ya maandishi, na hata ukiipata usitundike kurasa mtandaoni. Vilevile vikombe vya fedha, kufuli za sakristia na mlango wa nyuma: zipige kwa kumbukumbu ya parokia, umkabidhi katibu picha hizo, kisha zifute kwenye simu yako. Zima pia alama ya mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kuanza, kwa sababu mwizi husoma picha kama wewe unavyosoma ramani.